Mwanakuu na Dohani ya Kuze

Nyinyi mnaobonyeza kidude ukutani taa ikawaka, mkaendelea na porojo zenu kana kwamba hapakutokea kitu, kaeni kitako niwaeleze. Taa ya kwanza kuwaka mtaani kwetu Kuze haikuletwa na Mzungu. Ililetwa na tajiri wetu wenyewe, ikalishwa makaa na jirani yangu, na isingemaliza mwaka lau si mke wa huyo jirani. Yeye ndiye ninayetaka kuwasimulia. Jina lake Mwanakuu. Na atakayenikatiza, kahawa hapati.

Nyumba yangu na yake zilishirikiana ua mmoja, kisima kimoja na ukuta mwembamba, kwa hivyo hakuna alilolificha nisilijue, wala mimi sikuwa na siri kwake. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika hadi Mlango wa Papa. Mchana akishona kofia. Jioni alikuwa mkubwa wa Zumaridi, chama chetu cha lelemama. Sasa msidhani lelemama ya siku zile ilikuwa kucheza tu. Vilikuwa vita, ila bila damu. Sisi wa Kuze tulikuwa Zumaridi, wanawake wa Kibokoni walikuwa Johari, na mkubwa wao alikuwa Bimdogo, mke wa mfanyabiashara wa nguo. Mungu amrehemu, na asifanye haraka. Wao wakichinja mbuzi, sisi twachinja ng'ombe. Sisi tukivaa hariri, wao wavaa hariri yenye zari. Kuna waume waliouza mashamba kwa sababu ya ngoma za wake zao, na hawakuthubutu kuguna. Kila chama kilikuwa na pembe yake ya nyati, ya kupigwa kwa kijiti, na aishikaye pembe ndiye mwenye chama. Ya Zumaridi ilikuwa mkononi mwa Mwanakuu, na ilimkaa kama alizaliwa nayo.

Mumewe akiitwa Athmani. Kazi yake ilikuwa kutia makaa katika meli za moshi. Meli ikitia nanga Kilindini, atakaa siku chache, atajaza mtungi wa mkewe, atarekebisha paa, na meli ikilia tu, huyo, kajitia mfuko wa turubai begani, kaenda zake. Adeni, Bombei, Rangoni, sijui wapi. Kila aliporudi alikuwa amepungua kitu. Mara nywele, mara jino, na mwishowe masikio. Vyumba vya moto vya meli vilimla masikio akabaki anasikia nusu ya nusu, na kama viziwi wote, akidhani sisi ndio tusiosikia. Akikuamkia "Sabalkheri!" kuku wote uani huruka.

Walikuwa na mtoto mmoja, Mona. Homa ilimchukua akiwa hajaweza kusimama vyema, na babake yuko baharini. Athmani alirudi na vikuku vidogo vya fedha kutoka Bombei. Aliingia uani navyo mkononi, akamwona mkewe ameketi, akamtazama usoni, kisha akageuka akaniuliza mimi, mimi jirani, "Yuko wapi mwenyewe?" Hakuwa na moyo wa kumwuliza mkewe. Nami nikamjibu kwa sauti kubwa ili asikie, na mpaka leo najichukia kwamba neno lile nililipigia kelele. Lakini ningefanyaje?

Baada ya wiki mbili meli ikalia, akaenda. Mwanakuu hakumlaumu. Aliniambia tu, "Nabiha, mimi nimeolewa na bahari. Huyu niliyenaye hunitembelea."

Basi sikieni Mungu alivyo mkubwa. Bwana Idarus bin Akil, tajiri wa Kiarabu ambaye wazee wake walizikwa hapa kabla hatujazaliwa mimi na nyinyi, alisafiri, akaona taa za stima mji wa watu, akarudi na wivu. Akaagiza mtambo. Akaujengea banda ukingoni mwa Kuze, lenye dohani ndefu ya chuma, na ndani pipa la chuma la kuchemsha maji, tanuri chini yake, na mashine ya kuzungushwa na mvuke mpaka izae umeme. Akauliza ni nani mjini ajuaye kulisha moto wa namna hiyo. Jibu lilikuwa moja.

Tangu siku hiyo Athmani akalala kwake kila usiku. Sasa dohani ile ilitutia masizi, si mchezo. Nguo ukizianika nyeupe unazianua kijivu. Nami nina mdomo, nilisema. Mwanakuu akanishika mkono, akanionyesha moshi ule mweusi juu ya mapaa.

"Wauona?"

"Nauona! Si ndio ninaoulaani?"

"Usiulaani, mwana wa watu. Moshi ule ukiuona, jua mume wangu yuko mjini."

Tangu hapo nikawa naanika nguo ndani.

Lakini mtambo hauli maneno. Makaa ya mawe yalitoka melini Kilindini, yakaja kwa mikokoteni, na yalikuwa ghali. Na watu wetu, mwawajua. Walisema taa isiyo mafuta wala utambi itakuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mtu. Walisema ikikuangaza usingizini inakunyonya damu. Aliyetia taa alikuwa Bwana Idarus na msikiti wake, na duka moja la Mhindi, basi. Haukupita muda mrefu mpwawe, Zein, kijana wa mahesabu, akamwambia, "Mjomba, zima. Kuna mwenye shamba la mkonge ng'ambo ya bara anautaka mtambo." Bwana Idarus akakubali. Habari ilipotufikia, Athmani alisema neno moja tu, "Kumbe." Akapanda darini, akauteremsha ule mfuko wa turubai, akaukung'uta vumbi.

Mwanakuu hakula siku ile.

Wanaume wa mtaa walijaribu, nisiwanyime haki yao. Kulikuwa na watu kadha wenye riziki pale, wachukuzi wa makaa, wabeba maji, na msikiti nao ulishazoea nuru. Wakaenda kwa Bwana Idarus baada ya sala ya alasiri, na kanzu za Ijumaa, na sahani ya haluwa. Wakasifu ukoo wake hadi babu wa babu. Wakala haluwa waliyoileta wenyewe. Wakaaga. La mtambo hawakulifikia, kwa adabu.

Ndipo Maalim Muhdhar, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akatoa rai. Mwajua desturi yetu siku ya Mwaka: ng'ombe huzungushwa mji mzima, watu wakisoma, ili mabalaa yauepuke mji. Maalim akasema, kama ng'ombe aweza kuukinga mji, mtambo mmoja utamshinda? Akatafutwa ng'ombe dume mweusi, akazungushwa banda, wazee mbele, vijana nyuma, dua imepamba moto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwarifu Athmani. Au walimwarifu, hakusikia. Yeye yumo ndani na kazi yake, akaona mvuke umezidi, akaufungulia utoke. Fyuuuu! Maskini ng'ombe. Alimkata Maalim kilemba kwa pembe, akashika ndia, akaingia mbio barazani mwa Bwana Idarus mwenyewe, akapindua birika, vikombe na Mhindi aliyekuja kwa biashara.

Bwana Idarus akajifuta kahawa ndevuni, akasema, "Ikiwa hii ndiyo dua, nimeshajibiwa. Mwisho wa mwezi nauza."

Mwanakuu alicheka siku ile mpaka akalia, kisha akalia kweli. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akaniambia, "Wanaume wamekwenda kwa adabu, wamekwenda kwa ng'ombe. Hapana aliyekwenda kwa Bimdogo."

"Bimdogo! Bimdogo ana nini na mtambo?"

"Hana kitu. Lakini akiniona mimi ninacho, atakitaka mara mbili. Dawa ya moto ni moto, Nabiha."

Akajitanda buibui, akenda kwa mke mkubwa wa Bwana Idarus, Bi Shariffa wa nyumba ya ghorofa, ambaye alikuwa mpenzi wa Zumaridi kimyakimya. Sijui walinena nini. Najua kwamba Alhamisi yake mafundi walivuta nyaya kutoka bandani hadi kiwanjani kwetu, wakaning'iniza vichupa vya taa juu ya mikeka yetu.

Jamani. Mimi nimeona mengi, lakini ile sitaisahau. Jua lilipokwisha kutua tukatoka kwa safu, na Athmani huko bandani akachochea, na vile vichupa vikaanza vyekundu kama kaa, vikageuka manjano, vikawa vyeupe. Kila uzi wa hariri ulionekana. Kila hina. Na walioonekana zaidi ni wanawake wa Johari waliokuja kutuchungulia, wamejibanza nyuma ya ukuta wakidhani wako gizani, na Bimdogo mwenyewe yuko mbele, mdomo wazi. Mwanakuu akapiga pembe yake, akainua mkono, akamwamkia kwa heshima zote, "Masalkheri, Bimdogo! Karibu, mwangaza ni wa wote!" Tulicheka tukashikana.

Haikwisha wiki. Bimdogo alimkalia mumewe kichwani, akatia stima nyumba nzima, hata zizi la mbuzi. Mke wa jirani yake akaona haya, akatia. Dada wa huyo akatia. Kibokoni yote ikawaka, na Kuze ya Zumaridi nayo haikutaka kuachwa nyuma, wanaume wakitoa huku wakilalamika kwa ndani. Mikokoteni ya makaa ikawa inapishana ndiani kutoka Kilindini. Bwana Idarus akamwambia mwenye shamba la mkonge atafute mtambo kwengine, na Zein wa mahesabu akawa ndiye anayejisifu kwamba aliyajua hayo tangu mwanzo. Athmani akaurudisha mfuko darini.

Laiti ingeishia hapo.

Johari nao wakapanga ngoma yao chini ya taa, kubwa kuliko yetu. Siku mbili kabla, mvua ya vuli ilikuta makaa ya mtambo yako wazi mikokotenini, yakarowa. Athmani alilalamika, lakini hakukuwa na makaa mengine. Johari wakatoka, zari tupu, Bimdogo kama bibi arusi. Sisi tuko juu ya mapaa yetu twatazama, kwani kutazama si dhambi. Mara taa zikanywea. Zikawa nyekundu. Zikafa. Kiwanja kikawa kiza, na mtu akamkanyaga mwenziwe, na sahani zikaanguka.

Na hapo Mwanakuu akapiga kigelegele.

Hakukusudia, wallahi. Mwanamke wa ngoma akiona adui ameteleza, kigelegele hutoka chenyewe, hata mimi changu kilikuwa kooni. Lakini chake kilitangulia, kirefu, chembamba, mji mzima ukakijua ni cha nani. Alipokimaliza alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alishafahamu. Kule gizani tukamsikia Bimdogo akisema polepole, "Aaa. Kumbe mke yuko juu anashangilia, na mume yuko chini anazima."

Asubuhi yake Bimdogo akapeleka neno kwa Bwana Idarus. Kibokoni yote itarudisha taa, kichupa kwa kichupa, ila Athmani aondoke pale bandani. Hawezi, asema, kuwashiwa taa na mume wa Mwanakuu. Bwana Idarus alimpenda Athmani, lakini Kibokoni ilikuwa zaidi ya nusu ya taa zake. Akamwita, akamwambia kwa masikitiko, na ikambidi amwambie kwa ukelele, watu wote wakasikia. Amalize hadi Ijumaa, atafutwe mwengine wa kulisha moto.

Athmani aliapa ni makaa mabichi. Nani amsikilize? Kigelegele kilishatoa ushahidi. Alikuja nyumbani, hakumgombeza mkewe hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma mkewe. Alipanda darini. Akasema, "Kuna meli yapakia Kilindini. Wataka watu wa moto." Mfuko ulikaa pale mlangoni, na Mwanakuu akiupita huku na huku kama apitaye jeneza.

Kesho yake akaniambia, "Njoo, nisindikize."

Bimdogo alitukaribisha vizuri, Mungu amlipe kwa hilo tu. Tukaketishwa, tukaletewa kahawa. Mwanakuu hakuigusa.

"Bimdogo, dada yangu, taa mume wangu hakuzima. Makaa yalirowa. Kigelegele ni changu peke yangu, naye hata hakukisikia. Nimekuja kukuomba."

"Mtaka cha mvunguni huinama, Mwanakuu."

"Nimeshainama. Niambie nifike wapi."

Bimdogo akamtazama sana. Akasema, "Lete pembe. Uje kiwanjani kwetu, mbele ya watu, uiweke mikononi mwangu, useme Zumaridi imeshindwa. Kisha uketi chini tukuimbe."

Mimi nikasimama! Nikamwambia Bimdogo maneno nisiyoweza kuyarudia mbele yenu. Mwanakuu akanivuta buibui nikaketi.

"Na Athmani?"

"Athmani atakaa pale mpaka azeeke. Nakupa ahadi, na Kibokoni yote mashahidi."

"Basi nimekubali," akasema Mwanakuu. "Pembe ni yako."

Mwafahamu alichotoa? Maneno haya kwenu ni mchezo wa wanawake. Zumaridi ilikuwa ya mamake, na bibi yake kabla ya hapo. Bi Shariffa wa ghorofani alipopata habari alimfungia mlango. Wenzetu walimtukana kwa jina la msaliti, wakapita karibu naye ndiani bila salamu. Alhamisi ile alikwenda Kibokoni, mimi peke yangu nyuma yake, taa zikiwaka vizuri kabisa maana mumewe alikuwa amechagua makaa makavu, jiwe moja moja, kwa mkono wake. Akaiweka pembe. Akasema, "Zumaridi imeshindwa." Akaketi mkekani, uso wazi, na Johari wakamzunguka wakamwimba:

*Ulijiita nyota,*
*jua limechomoza;*
*pembe umeileta,*
*ngoma tunaicheza.*

Mji mzima uliushika wimbo ule. Watoto, wachukuzi, wauza maji. Na uovu wake ulikuwa mtamu, sauti yenyewe ilikaa kichwani haitoki.

Hata Athmani. Ijumaa ile hakwenda Kilindini. Alirudi usiku taa zilipozimwa, mweusi wa makaa, mfuko kaurudisha darini, na wiki haikupita akawa anaingia uani akiimba kwa ile sauti yake ya kuamsha wafu, "*Ulijiita nyotaaa!*" Nilimfuata Mwanakuu kisimani. "Mwambie anyamaze! Yuwajua ni wimbo wa nani?"

"Mwache," akanijibu, akivuta maji ya kumnawisha. "Miaka yote ile ya bahari, sikuwahi kumsikia mtu akiimba mlangoni pangu. Wacha aimbe atakalo."

Na wallahi, nilimwona kwa mato yangu, akammiminia maji mikononi na akamwitikia, "*Jua limechomoza.*" Yeye mwenyewe! Ikawa ndiyo salamu yao. Mume akifika mlangoni huimba mstari wake, mke huitikia wake, kisha wanakula. Miaka na miaka. Mimi niliapa wimbo ule hautapita midomoni pangu nikiwa hai, na niliushika ule uapo.

Mtambo wenyewe ulikuja kufa baadaye, kwa uzee, hakuna aliyeuua. Athmani alishakuwa na mvi. Mwanakuu akatangulia. Homa, kama mwanawe. Hakucheza tena lelemama tangu siku ile, na alipokufa wanawake wa Kuze walijaa ua mzima, hata wale wasiomsalimia, na Bimdogo alikuja akiwa mzee wa kushikwa mkono, akalia, nami nikamwacha alie.

Baada ya arubaini kupita, jioni moja nilimsikia Athmani mlangoni pake. Ameketi kizingitini. Akaimba, "*Ulijiita nyota.*" Akangoja. Akaimba tena ule ule, akangoja.

Nikatoka, nikasimama mbele yake anione. Nikamuuliza kwa ukelele, "Athmani, wayajua maneno ya wimbo huo? Wajua aliimbwa nani, na kwa nini?"

Akanitazama kama mtu anayemwona mjinga. "Masikio ndiyo niliyokosa, Nabiha. Mato ninayo. Kibokoni yote ilikuwa ikiuimba mbele yangu, nikiwatazama midomo. Nilijua tangu wiki ile ile." Akajifuta uso. "Nikasema, kama mji wote wamwimbia ili kumuudhi, basi na awepo mmoja amwimbiaye kwa kumpenda."

Akageukia ndani ya nyumba, ile nyumba tupu, akaimba mstari wake kwa mara ya tatu.

Basi niliuvunja uapo wangu. Niliinama, nikaweka mdomo sikioni pake, nikamwitikia kwa sauti yangu yote, "*Jua limechomoza!*" Akainamisha kichwa, akashukuru, akaingia kula.